Fungu na Sehemu: Lugha ya Mafumbo ya Uwiano katika Shule za Msingi

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi nchini Tanzania, kazi kubwa imefanywa ya kuyapa majina mambo ya hisabati. Asilimia, kipeo, mlinganyo, pembetatu, kigawe kidogo cha shirika: maneno haya yalitafutwa, yakajadiliwa, yakakubaliwa, na leo mtoto wa darasa la tano huyatamka pasipo kudhani kwamba palikuwa na siku ambapo hayakuwa na kazi hiyo. Mabishano ya wataalamu aghalabu yamekuwa juu ya majina kama hayo. Walakini fumbo la hisabati halijengwi kwa majina peke yake. Hujengwa pia kwa maneno madogo yafungayo idadi na idadi, na kwa vitenzi visemavyo ni nani aliyempa nani nini. Maneno hayo, kwa kuwa kila mtu huyatumia kila siku, hupita bila kuchunguzwa. Hapana mahali ambapo madhara yake huonekana waziwazi kuliko katika mafumbo ya uwiano.

Njiro, eneo lililo kusini-mashariki mwa kitovu cha Jiji la Arusha, ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hili. Huko kiko Chuo cha Uhasibu Arusha, ambako hesabu za hisa na faida hufundishwa watu wazima. Huko iko pia ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Zipo shule za msingi zifundishazo kwa Kiswahili, na zipo zifundishazo kwa Kiingereza, hata watoto wa mtaa mmoja huweza kulikuta fumbo lile lile katika lugha mbili. Tena Njiro ni mahali panapojengwa. Mafundi huchanganya saruji, mchanga na kokoto kwa vipimo vyao wavijuavyo, na mtoto aendaye shule huwapita. Uwiano basi unaishi katika eneo hilo kwa namna tatu: kwenye daftari la mhasibu, kwenye karai la fundi, na kwenye karatasi ya mtihani. Namna mbili za kwanza zina lugha iliyo wazi. Ni ya tatu inayotaka uhakiki.

Yafaa kuanza na sifa kabla ya lawama, kwa maana neno lenyewe lilichaguliwa vema. Uwiano limetokana na kitenzi wiana, ambacho ni kauli ya kutendana ya wia. Na wia ni kauli ya kutendea ya kitenzi wa, yaani kuwa kwa ajili ya fulani au kwa upande wake, kama katika msemo "niwie radhi". Umbo hilo hilo la wia lina maana ya kudai, na mtu awiwaye ni mtu mwenye deni. Vitu viwianavyo basi ni vitu ambavyo kila kimoja kina namna ya kuwa mbele ya mwenziwe, kila kimoja kikiwa na dai lake kwa kingine. Euclid, katika kitabu cha tano cha Elements, aliueleza uwiano kuwa ni uhusiano wa ukubwa baina ya vitu viwili vya jinsi moja. Neno la Kiswahili halikutafsiriwa kutoka kwake, ila limebeba jambo lile lile: vitu viwili, na uhusiano usioweza kusemwa kwa kimoja peke yake. Mtoto aliyeelezwa neno hili kwa mzizi wake amekwisha pewa nusu ya somo.

Taabu huanza neno hilo linapotiwa katika sentensi. Fumbo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, nalo lina umbo ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi atalitambua: "Neema na Baraka waligawana shilingi 60,000 kwa uwiano wa 3:2. Je, kila mmoja alipata kiasi gani?" Jibu linajulikana. Jumla ya 3 na 2 ni 5. Shilingi 60,000 zikigawanywa kwa 5 hupatikana 12,000. Neema amepata 36,000 na Baraka 24,000. Lakini mhakiki wa lugha hana haja na jibu lililo sahihi. Haja yake ni majibu yasiyo sahihi, kwa sababu huyo aliyekosea naye alisoma Kiswahili, na yamkini alikisoma vizuri.

Jibu la kwanza lililokosewa ni shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Mzizi wake uko katika kitenzi. Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno kutoka shina gawa: gawa, gawia, gawiwa, gawana, gawanya. Gawanya limeundwa kwa kutia usababishi juu ya gawana, kama vile changanya lilivyotokana na changana. Katika maisha ya kila siku maneno haya hayasemi lolote juu ya usawa. Ndugu waweza kugawana shamba, mmoja akapata la bondeni na mwingine la mawe. Walakini shuleni, tangu madarasa ya mwanzo, gawanya limefundishwa kwa maana moja tu: machungwa 12, watoto 4, kila mtoto 3. Kwa miaka kadhaa mtoto amezoezwa kwamba ukoo wa gawa ni ukoo wa usawa. Afikapo kwenye uwiano hukuta ndugu wa neno lile lile akitumiwa kwa jambo ambalo usawa haumo, wala hapana aliyemwambia kwamba sheria imebadilika. Amezitii sentensi zote alizopata kufundishwa, isipokuwa hii moja.

Jibu la pili ni geni zaidi: Neema 20,000, Baraka 30,000. Mwenye kutoa jibu hili amegawanya 60,000 kwa 3, kisha akagawanya 60,000 kwa 2. Shilingi 10,000 zimebaki pasipo mwenyewe, na Neema, aliyestahili kupata zaidi, amepata pungufu. Mwalimu atasema mtoto huyu hakufikiri. Mhakiki atasema mtoto huyu alilifuata neno kwa. Katika kitabu cha hisabati neno hilo lina kazi nyingi mno. Katika "gawanya 60 kwa 3" laonyesha kitu kinachotumiwa kugawanyia. Katika "shilingi 3,000 kwa kilo" laonyesha bei, yaani uhusiano wa vitu viwili visivyo vya jinsi moja. Katika "walimaliza kwa siku 8" laonyesha muda. Katika "kwa uwiano wa" laonyesha namna ya kutenda. Na katika "tatu kwa mbili", ndivyo alama ya 3:2 inavyosomwa, lina kazi nyingine kabisa.

Hiyo kazi ya mwisho ndiyo ya kale na ndiyo nzuri kuliko zote. Ni kwa ya "bega kwa bega", ya "ana kwa ana", ya "nusu kwa nusu". Hapa neno hilo halikati kitu wala halipimi kitu. Huweka viwili mkabala, kila kimoja kikimtazama mwenziwe. Hiyo ndiyo sarufi ya uwiano, nayo inapatana barabara na kauli ya kutendana iliyomo katika neno uwiano lenyewe. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea "gawanya kwa" atawezaje kujua kwamba katika sentensi moja yenye kugawana, na kwa, na 3, na 2, hakuamriwa kugawanya kwa 3 wala kwa 2? Lugha imempa alama moja kwa amri mbili.

Jibu la tatu ni kwamba Neema alipata shilingi 90,000. Fedha zilizogawanywa ni 60,000, naye mmoja wa wagawanaji ametoka na zaidi ya zote. Hapa mtoto ameziandika 3 na 2 kama sehemu, tatu juu ya mbili, kisha akazidisha. Kosa hili lina chanzo chake katika istilahi. Sehemu ndilo jina rasmi la idadi kama nusu, theluthi na robo, zenye kiasi juu na asili chini. Ni mada nzima katika vitabu vya shule ya msingi. Basi mwalimu afundishapo uwiano, husema ubaoni: "Tafuteni jumla ya sehemu. Neema ana sehemu tatu, Baraka ana sehemu mbili." Kwa mwalimu, sehemu tatu ni vipande vitatu vilivyo sawa. Kwa mtoto, sehemu ni ile iliyokuwa ikiandikwa kwa mstari katikati, na tatu na mbili ndizo hizo, moja ya kuwekwa juu na nyingine chini. Tena neno lenyewe haligeuki katika wingi: sehemu moja, sehemu tatu. Silabi moja tu ndiyo itenganishayo "sehemu tatu" na "sehemu ya tatu", nayo si rahisi kusikika mwishoni mwa darasa lenye watoto wengi.

Makosa matatu basi, na kila moja lina sarufi yake. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mtoto hupewa alama ya kukosa katika somo la hisabati, naye huenda nyumbani akiamini kwamba hesabu si fungu lake, hali kumbe ujuzi wake wa kujumlisha na kugawanya haukupata kujaribiwa. Kilichojaribiwa ni kama aliweza kubahatisha ni kwa ipi, kati ya kwa tano, mtunzi aliyokuwa akiikusudia.

Wapo watakaosema kwamba hii ni hoja ya kukiacha Kiswahili katika hisabati, na kwamba watoto wa Njiro wasomao kwa Kiingereza hawapatwi na taabu hii. Hoja hiyo haisimami. Kiingereza nacho kina kiunganishi chake kidogo cha kutajia uwiano, nacho pia kina kazi nyingine nyingi. Nacho hutumia jina moja kwa kipande cha kitu na kwa fungu la mgao. Mtoto asomaye kwa Kiingereza hukutana na mtego wa namna ile ile, tena mbali na lugha ya mtaani. Kubadili lugha si kuufumbua mtego. Mwenye kuufahamu uhusiano wa tatu kwa mbili katika lugha aijuayo atauchukua hadi sekondari, ambako shule nyingi bado hufundisha kwa Kiingereza. Asiyeufahamu hatausaidiwa na kamusi.

Dawa imo katika Kiswahili chenyewe, nayo ni neno fungu. Katika masoko ya Arusha, kama vile Kilombero, muuzaji wa nyanya hupanga mafungu yake chini au juu ya meza, naye hujitahidi yawe sawa, kwa sababu bei ni moja. Mnunuzi mmoja huchukua mafungu matatu, mwingine mawili. Hapana anayedhani kwamba wawili hao wamepata sawa, wala hapana anayegawanya nyanya zote kwa tatu kisha kwa mbili. Mafungu yaliyo sawa, watu wenye idadi mbalimbali za mafungu: huo ndio uwiano mzima, nao unajulikana na kila mtoto aliyewahi kutumwa sokoni.

Neno hili lina faida tatu juu ya sehemu. Kwanza, halina kazi nyingine rasmi katika kitabu cha hisabati cha shule ya msingi. Pili, ngeli yake hutenga umoja na wingi kwa sauti inayosikika: fungu moja, mafungu matatu; "thamani ya fungu" haiwezi kuchanganywa na "thamani ya mafungu". Tatu, lina historia ya hesabu ndani yake. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo Waswahili wa pwani wameifuata kwa karne nyingi, mwana wa kiume hupata mafungu mawili pale ambapo binti hupata moja. Marehemu akiacha mwana mmoja na mabinti wawili, pasipo mrithi mwingine, mali iliyobaki baada ya madeni na wasia hufanywa mafungu manne: mawili ya mwana, na moja moja ya mabinti. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, aliweka humo sehemu kubwa juu ya hesabu za wasia na mirathi. Uwiano haukuingia Afrika ya Mashariki kwa mtaala wa shule. Ulikuwapo pale kadhi alipoketi na warithi.

Wapingao watasema kwamba fungu lina maana nyingine: fungu la mchanga baharini, fungu la maneno, fungu la bajeti ya Serikali. Ni kweli. Lakini maana hizo haziishi katika ukurasa mmoja na uwiano. Sehemu mbili zigonganazo huishi katika ukurasa mmoja. Watasema pia kwamba mafungu ya sokoni hupimwa kwa macho, na huweza kuzidiana. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu fumbo lapaswa kusema "mafungu yaliyo sawa". Neno moja la sifa litatosha.

Hata hivyo fungu peke yake halitatibu kila fumbo. Lipo kundi jingine, la uwiano uendao kinyume: "Watu 6 hulima shamba kwa siku 8. Watu 12 watalima shamba hilo kwa siku ngapi?" Mtoto aliyeona watu wameongezeka mara mbili hujibu siku 16, na sentensi haikumwonya lolote, maana ingeweza kuwa na umbo lile lile kama ingekuwa juu ya watu na idadi ya majembe. Jibu ni siku 4, nalo hutoka katika ujuzi wa kazi, si katika maneno yaliyoandikwa. Hapa pia Kiswahili kina chombo ambacho watunzi wamekiacha: "kadiri watu wanavyozidi, ndivyo siku zinavyopungua." Muundo wa kadiri na ndivyo ni sauti ya lugha hii yenyewe katika kutaja mambo yaendayo pamoja. Husema mambo mawili kwa sentensi moja, na hulazimisha msemaji kuchagua: yazidi yote, au moja lizidi na jingine lipungue? Mtoto aambiwe kwanza kuikamilisha sentensi hiyo kwa maneno, kabla ya kushika kalamu kuhesabu. Akiisha kuikamilisha vema, atakuwa amekwisha kuliona jibu la siku 16 kuwa ni upuuzi.

Tena fumbo lapaswa kuwa kweli kwa jambo linalolisimulia. Zege la saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4 ni mfano unaopendwa, na kwa haki, maana kila mtu ameliona likichanganywa. Lakini mtunzi akiuliza ni madebe mangapi ya mchanga yatahitajika ili kupata madebe 21 ya zege, na kutarajia jibu la 6, amemfundisha mtoto uongo. Madebe 3 ya saruji, 6 ya mchanga na 12 ya kokoto ni madebe 21 ya vitu vikavu; vikichanganywa, mchanga na saruji huingia katika nafasi zilizo baina ya kokoto, na zege litokalo ni pungufu. Fundi wa Njiro analijua hilo bila kuandika tarakimu. Mtoto wake, akilisoma fumbo hilo nyumbani kwa sauti, atacheka au atachekwa. Inatosha kuuliza juu ya vifaa vikavu kabla ya kuchanganywa, na hesabu itabaki ile ile, pasipo fedheha.

Fumbo la Neema na Baraka basi laweza kuandikwa upya: "Neema na Baraka walipata shilingi 60,000 kwa kuuza parachichi. Walizipanga fedha hizo katika mafungu yaliyo sawa. Neema alichukua mafungu 3, na Baraka mafungu 2, wala hazikubaki fedha. Je, fungu moja lilikuwa shilingi ngapi? Kila mmoja alipata shilingi ngapi?" Maneno yameongezeka, na kwa hakika ugumu umepungua. Mkaguzi atauliza kama kilichopungua si kile kile kilichotakiwa kupimwa. Jibu ni kwamba hii ni njia ya kuingilia, na mtihani waweza kuja baadaye. Mtoto aliyekwisha kufanya mafumbo kumi ya namna hii aambiwe ndipo kwamba maneno yote haya hufupishwa kuwa "kwa uwiano wa 3:2", na kwamba mpangilio wa majina ndio mpangilio wa tarakimu: Neema ametajwa kwanza, na 3 ni yake. Ufupisho ni mali ya mtu ajuaye kilichofupishwa. Kumpa mtoto ufupisho kwanza ni kumdai deni asilolikopa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika vikao vya istilahi mtoto wa darasa la tano hakuwapo, na maneno madogo ayasomayo hayakuwekewa fungu. Kazi ya kulirekebisha hilo haihitaji istilahi mpya hata moja. Yahitaji mtunzi wa vitabu na mtunga mtihani wakae pamoja na mtu wa lugha, waisome kila sentensi yenye kwa, gawana na sehemu, na waulize juu ya kila moja swali hili: msomaji aliyeifuata neno kwa neno atafika wapi?